Muumikaji wa Mpanda Anayekataa Kutoa Damu

Saa moja asubuhi, umande haujakauka bado kwenye mabati ya soko la Mpanda, na Felisiani Mwanakulya anapanga pembe zake juu ya gunia. Za ng'ombe zinakaa mbele, za mbuzi nyuma. Akishazipanga anatia kipande cha nta mdomoni na kukilainisha kwa ulimi, shavu limevimba upande mmoja, huku akingoja mteja.

Mteja wa kwanza ni Nkwabi, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia huku na ng'ombe wake miaka mitatu iliyopita. Ni mtu wa miraba minne, kofia ya pama kichwani na fimbo mkononi. Ndiye anayemletea Felisiani pembe kila anapochinja.

"Mwangaluka, mzee! Kichwa leo kinanigonga kama watu wanatwanga humo ndani. Niumike pembe nne, nikamate njia."

Felisiani anatema nta kiganjani. "Hospitali umepita?"

"Nimepita juzi. Wamesema nina presha."

"Vidonge wamekupa?"

"Wamenipa, viko nyumbani. Nimekuja unipunguzie damu. Kwani nimekosea duka?"

"Umekosea. Nenda kameze vidonge, mtani wangu. Hapa sikutoi hata tone."

Nkwabi anacheka, akidhani anataniwa. Anapoona mzee amekaza uso, anasonya na kuvuka barabara. Ng'ambo ya pili yupo muumikaji mwingine ambaye haulizi maswali. Punde mgongo wa Nkwabi unapandwa pembe nne, na damu inachuruzika kwenye kopo la maziwa.

"Umemwona?" Felisiani anamwambia mwandishi wa gazeti aliyekaa kando yake. "Atainuka pale ameburudika. Wiki nzima atawaambia watu amepona. Hapo ndipo ninapoogopa mimi."

Muumikaji anayefukuza wateja! Sokoni wanamcheka waziwazi. Wapo wanaosema msiba wa mdogo wake ulimgusa akili, wengine wanasema hospitali imemlipa. Mwenyewe ana miaka hamsini na miwili, ni Mpimbwe wa kuzaliwa na Mkatoliki wa kushika rozari, na kazi hii alirithi kwa baba yake. Alikuja Mpanda enzi za mgodi, akawa anawaumika wachimbaji. Mgodi ulipofungwa, wafanyakazi wa reli wakawa ndio riziki yake, kwa sababu migongo yao nayo ilikuwa inauma.

Pembe moja ni shilingi moja. Zamani, siku ya garimoshi kutoka Kaliua, alikuwa anaumika hata watu ishirini. Siku hizi akipata watano anashukuru Mungu, nao ni wa kiuno, wa bega, na wa mguu ulioteguka. Mkewe, Theopista, anauza maandazi stesheni ili chungu kisikae bure. Mwenye kichwa kizito, shingo ngumu au macho mekundu, Felisiani hamgusi.

Na hao ndio waliokuwa wengi. Huku kila mtu anajua, toka kwa bibi na babu, kwamba damu huzidi mwilini. Mwanamume akila akashiba, akanenepa, akawa na nguvu, damu yake inazidi na kupanda kichwani. Dawa yake ni pembe. Mganga wa hospitali akisema presha, mtu anaitikia kwa heshima, anapokea vidonge vyake, kisha anapita sokoni kutolewa damu. Hakuna anayeona kosa. Felisiani mwenyewe hakuliona.

Mdogo wake, Silvester, alikuwa mchochea moto wa garimoshi. Kijana wa nguvu kwelikweli, wa kurusha makaa kwa sepetu tangu Kaliua mpaka Mpanda huku sigara ikining'inia mdomoni. Chumvi alikuwa anailamba kiganjani kama ng'ombe. Alisema jasho la injini linaimaliza mwilini, hivyo lazima airudishe. Samaki wa Rukwa, wale wakavu waliokaushwa kwa chumvi nyingi, aliwala bila kuwaosha.

Siku wafanyakazi wa reli walipopimwa, Silvester alikutwa na presha. Akapewa vidonge vidogo vyeupe, akaambiwa ameze kila siku, maisha yake yote.

"Maisha yote!" anasema Felisiani. "Mtu haumwi hata jino, unamwambia maisha yote. Na vidonge vyenyewe vya kukojoza. Yuko juu ya injini, garimoshi linakwenda, yeye anabana miguu. Wenzake wakamwita bibi harusi. Akaviweka kabatini."

Basi Silvester alikwenda kwa kaka yake. Akavua shati, akakaa kwenye kigoda.

"Akaniuliza, 'Kaka, hii damu ya presha si ndiyo ile unayowatoa watu kila siku?' Nikamwambia ndiyo, ndiyo hiyo hiyo. Nani angesema siyo? Babu yetu asingesema siyo."

Kila mwisho wa mwezi, mwaka mzima na zaidi, Felisiani alimchanja chale na kumpiga pembe. Silvester alikuwa anainuka, anajinyoosha mpaka mifupa inalia, anasema, "Sasa mimi mzima!" Kisha wanakwenda kunywa pombe pamoja. Felisiani anasema hakuna kazi aliyoifanya kwa moyo kuliko ile. Hakumtoza mdogo wake hata senti.

Siku chache kabla ya Krismasi ya mwaka juzi, Silvester alianguka stesheni, sepetu mkononi. Mdomo ulikwenda upande, mkono na mguu wa kulia vikafa. Alitaka kusema kitu, ikatoka sauti tu. Walimlaza hospitali, hakumaliza wiki.

Msibani watu walinong'ona kama kawaida ya watu. Kuna mwenzake aliyekuwa anataka cheo chake. Kuna kitu alirushiwa. Mtu mwenye nguvu vile haanguki hivihivi! Felisiani naye aliitikia. Angeambiwa amwonyeshe mchawi kwa kidole, anasema, angemwonyesha.

"Nilikuwa natafuta mtu wa kumchukia," anasema. "Mungu anisamehe, nilishampata."

Pasaka iliyofuata, dada yao mkubwa, Dorotea, akatokwa na damu puani. Huyu ni mjane, alitoka Litapunga baada ya mumewe kufariki, akaja kukaa kwa Felisiani. Siku hiyo alikuwa anafua, damu ikaanza kudondoka kwenye beseni na haikutaka kukatika. Felisiani aliona jambo liko wazi: damu imejaa mpaka inamwagika yenyewe. Akaleta wembe na pembe.

Theopista ndiye aliyesimama mlangoni. "Tulimzika mmoja juzi tu," alimwambia mumewe. "Huyu anakwenda hospitali, na wewe unakwenda naye. Ukikataa nampeleka mwenyewe kwa mgongo."

Mganga msaidizi aliyewapokea ni Josephat Kasonso, kijana mpole asiyeinua sauti. Alimziba Dorotea pua, akampima, akakunja uso. Akauliza habari za ukoo. Baba yenu alikufaje? Alipooza. Mama? Alivimba miguu, akawa analala amekaa kwa kukosa pumzi. Nyie mna ndugu mwingine? Felisiani akaeleza ya Silvester. Josephat akasema, "Mzee, hebu na wewe nipe mkono."

Presha ya Felisiani ilikuwa kubwa kuliko ya dada yake.

"Nilicheka," anasema. "Nikamwambia mwanangu, chombo chako kibovu. Mimi siumwi."

Josephat anaikumbuka siku ile vizuri. Hospitali anakofanya kazi wanakuja wagonjwa wa malaria, wa minyoo, wa kuhara, na redio nayo inafundisha kuchimba vyoo na kuchemsha maji. Ya presha hayasemwi, na watu wanaletwa wakiwa wameshaanguka.

"Ugonjwa huu hauna kelele," anasema Josephat. "Malaria inakutetemesha, unakuja mwenyewe. Huu unakula moyo na mishipa kimya kimya, wewe unalima na kucheza ngoma. Siku ukiusikia, mara nyingi umechelewa."

Aliwaeleza kwa mfano wa mashamba yao ya mpunga. Mwilini damu haijazidi, aliwaambia. Mishipa ni kama mifereji, nayo imebana na kukakamaa, hivyo moyo unasukuma kwa nguvu kupita kiasi. Chumvi inaongeza, sigara inaongeza, pombe ya kila siku inaongeza, na nyie mmezaliwa katika ukoo wenye shida hiyo. "Ukiteka debe moja la maji mferejini, mzee, mfereji umepanuka?"

Felisiani anasema aliona mgongo wa mdogo wake mbele ya macho, ule mgongo mpana wenye chale zilizopangwa mistari kama matuta ya viazi, zote za mkono wake. Akatoka barazani, akalia kama mtoto, wagonjwa wakimtazama.

Tangu siku hiyo hamtoi damu mwenye presha. Ila kujizuia mwenyewe ni jambo moja, na Dorotea ni jambo lingine kabisa.

Dada mtu alimeza vidonge siku mbili, vikamtoa kanisani katikati ya misa kwenda kukojoa, tena amekaa benchi la mbele. Akakoma. Akaja uani, akajifunua mgongo, akasema apigwe pembe. Felisiani akakataa. Dada akasihi, akakataa tena. Ndipo Dorotea alipomwambia neno ambalo mpaka leo hajalisahau.

"Alisema, 'Silvester ulimtoa damu mpaka mwisho wake, bila kumdai. Mimi nimekukosea nini?'"

Mwezi mzima hawakusemezana. Dorotea alikula chakula chake jikoni peke yake, na mara mbili alivaa khanga ya kutokea akasema anakwenda ng'ambo ya barabara, kwa yule mwingine. Mara zote mbili Theopista alimrudisha. Shingo ilikuwa inamkaza, na macho yalianza kuona ukungu jioni. Felisiani alikuwa anamtazama dada yake anakwenda njia ile ile ya mdogo wake, na hana la kufanya.

Dawa ya ubishi huo aliipata kwenye kazi yake mwenyewe. Ipo pembe kavu. Unaibandika, unavuta hewa kwa mdomo, unaziba tundu kwa nta, ngozi inafura humo ndani, lakini huchanji na damu haitoki. Huwa anaifanya kwa kina mama waliotoka kujifungua na kwa waoga wa wembe. Alimwita Dorotea, akakubali kumwumika, kwa masharti yake.

"Nikamwambia, dada, hii ni namna mpya. Pembe inavuta uchafu kutoka kwenye damu, kidonge kinausukuma, unatoka kwa mkojo. Bila kidonge pembe haina kazi. Usipokojoa sana, ujue haijashika."

Dorotea alifikiri. Akauliza kama Padri anajua. Felisiani akamwambia hajui, lakini hana neno. Dada akageuza mgongo.

Tangu hapo kila siku pembe mbili kavu, na kidonge juu yake. Kule kukojoa alikokuwa anakuonea aibu sasa ndiko anakokusifia mbele ya majirani. Kanisani anakaa benchi la nyuma, karibu na mlango. Josephat alipoelezwa alicheka, kisha akaacha kucheka.

"Pembe kavu haimdhuru, ila haimtibu," anasema Josephat. "Wasiwasi wangu ni kwamba mama yule anaamini pembe. Siku moja atabaki na pembe tu. Lakini presha yake imeshuka. Nitamkataza nini mtu aliyefanikiwa kuliko mimi?"

Chumvi nayo ilikuwa na vita vyake. Dorotea alisema mboga isiyo na chumvi ni adhabu ya wafungwa. Mwaka huu wa 1976, Kwaresima ilipoingia, Felisiani akamshauri aifanye ndiyo mfungo wake. Hilo alilikubali mara moja, maana mbele ya Mungu hataki mchezo. Sasa hajala samaki wa chumvi tangu Jumatano ya Majivu.

"Lakini Pasaka nakula," anaonya. "Yesu akifufuka, na samaki wangu anarudi sahanini!"

Ingeishia hapo ingekuwa habari njema. Haikuishia hapo. Mvua za mwaka huu zimepiga vibaya, mto umekula tuta la reli huko mbugani, na garimoshi halijafika Mpanda tangu mwezi uliopita. Sukari imekwisha madukani, mafuta ya taa hayapo, stesheni mbwa wanalala juu ya reli. Dawa huja kwa garimoshi hilo hilo. Hospitali iliagiza Sumbawanga, ikajibiwa kwamba nako wanangoja. Josephat amekuwa akigawa vidonge vya presha kwa mafungu madogo, akimpa kila mgonjwa sawa na mwenzake, na akiwaomba samahani kana kwamba ndiye aliyenyesha mvua.

Saa nne, soko likiwa limepoa, Felisiani anafunga gunia na kurudi nyumbani. Ni wakati wa dada yake.

Dorotea ameshakaa kwenye mkeka uani, khanga imeshushwa kiunoni, mgongo uko juani. Ni mama mwembamba mwenye sauti kubwa. Felisiani anapiga magoti nyuma yake, anaweka pembe ya kwanza, anavuta mpaka mashavu yanaingia ndani, anaziba. Anaweka ya pili. Kuku wanapita. Theopista anapepeta unga.

"Hii ya kushoto haijashika," anasema Dorotea.

"Imeshika, dada."

"Nimesema haijashika. Wewe unaumika au unanibembeleza?"

Anaitoa na kuirudia. Kisha anafungua karatasi, anamtilia kidonge kiganjani, anampa maji. Dorotea anaangalia kidonge, anakimeza, anafuta mdomo. Halafu anasema, polepole, bila hasira, kama mtu anayeongea na mkeka:

"Silvester naye ungemfanyia hivi."

Mikono ya Felisiani inasimama. "Ningejua, dada."

"Najua hukujua." Anampapasa goti bila kugeuka. "Najua, baba. Toa pembe, zinaniuma."

Felisiani anazitoa. Duara mbili nyekundu zinabaki mgongoni. Anamfunika khanga, anamsaidia kuinuka, na Dorotea anakwenda zake nyuma ya nyumba kwa haraka, akicheka, kwamba leo imeshika mapema.

Karatasi ya vidonge Felisiani anaikunja upya na kuitia mfukoni mwa shati. Mwenyewe hajameza. Njiani kurudi sokoni anaulizwa kuhusu vidonge vyake yeye, kwa kuwa naye ameandikiwa, na presha yake ndiyo kubwa.

Anaugusa mfuko wa shati.

"Vya dada vilikwisha zamani," anasema. "Hivi anavyomeza ni vyangu."

Josephat hajui. Theopista hajui. Dorotea akijua hatameza tena hata kimoja, kwa hiyo yeye ndiye asiyepaswa kujua kuliko wote. Felisiani amelipima jambo hilo, kama anavyosema, kwa akili zake zote. Dada alikuwa ameanza kuona ukungu, shingo ilikuwa inamkaza. Ni mtu mzima, mjane, amebaki yeye tu wa kumwita Felisiani kwa jina la utotoni. Fungu moja likigawanywa kwa watu wawili halimfai hata mmoja.

"Mimi sina kinachoniuma," anasema. "Nalala vizuri, nakula vizuri. Kichwa hakina kitu. Naweza kungoja."

Anakumbushwa aliyoyasema Josephat, kwamba ugonjwa huu hauna kelele. Anatikisa kichwa kukubali. Analijua hilo kuliko mtu yeyote sokoni, na amelisema asubuhi hii kuhusu Nkwabi kwa namna yake. Anafuta jasho usoni kwa mkono wa shati na kuendelea kutembea, taratibu kidogo kuliko asubuhi.

Mpango anao. Dawa zikifika atakwenda hospitali siku hiyo hiyo, achukue mafungu mawili, aanze na lake. Baada ya Pasaka anataka kumwomba Josephat amruhusu kukaa na pembe zake pale barazani hospitalini. Mwenye presha ameze kidonge kwanza mbele ya mganga, kisha apigwe pembe kavu bure. Anaamini hata Nkwabi angekuja. Josephat hajaambiwa bado.

Mbele ya gunia lake anaulizwa la mwisho: habari hii iandikwe hivi ilivyo, na ya vidonge? Haogopi kwamba Dorotea atasomewa?

Felisiani anatia nta mdomoni, anawaza, anaitoa tena.

"Andika," anasema. "Gazeti lenu huja kwa garimoshi. Wakilisoma hapa Mpanda, ujue na dawa zimefika."